Kitufe cha Pakua Kule Kagunga

Rozalia, acha unachofanya usome hii. Gaudensi kamdhalilisha Aikande mbele ya wavuvi wote wa Kagunga!

Si unajua Aikande ndiye aliyetengeneza ile tovuti ya wavuvi kupakua ramani ya upepo wa ziwa? Alijua mtandao wa kule unasuasua, akaandika chini ya kitufe: "Faili linakuja, usibonyeze tena." Gaudensi, bosi wake, akamwamuru ayafute maneno hayo. Sababu aliyompa, ngoja kwanza.

Leo Gaudensi kasimama ufukoni na simu yake awaonyeshe wavuvi, kabonyeza Pakua. Kimya. Kabonyeza tena. Kimya. Akakiponda kile kitufe kama anaua kunguni, na kila akibonyeza faili linaanza upya! Kumbe simu ilishadaka mtandao wa Burundi, si mpaka uko pale pale, ikamlia salio lote.

Mwenyekiti wa wavuvi akauliza kwa upole, "Mwanangu, imekubali au imekataa?"

Sasa sikia. Gaudensi akamgeukia Aikande, anafoka: "Kwa nini hukuweka hata neno la kumwambia mtu asubiri?"

YEYE! Aliyesema yafutwe! Yeye ndiye anauliza!

Aikande aliona kazi inaondoka, akasema liwalo na liwe.

"Niliweka, bosi. Ukasema niyafute, eti wavuvi hawajui kusoma."

Rozalia, Gaudensi akainamia simu yake isiyo na salio.

Yule mzee mwenyekiti akatoa miwani mfukoni, akaivaa taratibu. "Yarudishe, binti. Huyu bosi wako tutamsomea."