Kitabu cha Kijani Kilichofungiwa Kabatini

Jumatatu, 12 Mei

Maktaba baada ya shule, kama kawaida. Nimepanga vitabu vya watoto, nimemaliza hesabu za sura ya sita. Mvua. Ndoo iko pale pale chini ya tundu la paa.

Rafu ya tatu ina pengo. Vitabu kumi na viwili havipo. Riwaya, mashairi, na kile cha kijani kinachoeleza mwili wa msichana. Darasa letu zima linakijua. Ukikishika, chenyewe hufunguka kwenye sura ya hedhi.

Nilidhani vimeazimwa. Bwana Kazungu, mkutubi wetu, akanionyesha kabati la chuma nyuma ya meza yake. Kufuli jipya. Kamati ya maadili imeamuru. Watakutana Alhamisi ya wiki ijayo waamue kama vitarudi rafuni au vitapelekwa kusagwa.

"Kusagwa, Bwana Kazungu?"

"Karatasi taka, binti yangu. Wanatengenezea trei za mayai."

Nikauliza nani alilalamika. Hakutaka kunijibu. Akageuza barua juu ya meza nijisomee. Sahihi ya Ami Swaleh. Ami yangu mwenyewe, baba mmoja mama mmoja na babangu.

 Mwandiko huu ni wa hasira.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Neema wa darasani kwetu. Wakati wa mapumziko akanivuta kando.

Neema anakaa Mbaraki na baba yake na mdogo wake, Dama. Mama yao hayupo, alifariki Neema akiwa mdogo. Neema alipovunja ungo alidhani ni ugonjwa. Siku mbili hakula, akingoja kufa, na baba yake akimnunulia dawa ya tumbo. Aliyemwokoa ni kile kitabu cha kijani.

Dama ana miaka kumi na mmoja sasa. Neema anataka akisome kabla, si baada. Anasema yeye mwenyewe akijaribu kumweleza wanaishia kucheka, kisha kugombana.

Haombi kikubwa. Kitabu kimoja.

Jumatano, 14 Mei

Ami Swaleh alipita alasiri kunywa chai. Nikamuuliza mbele ya Mama. Hakukana.

"Mambo yale yana somo wake," akasema. "Tangu zamani msichana hufundishwa chumbani, na mtu mzima mwenye heshima zake. Hafundishwi na karatasi."

"Ami umekisoma?"

"Nimeona picha. Zatosha."

Kisha akaomba mahamri mengine.

Mimi nilikuwa na somo wa kunifunda. Nilipovunja ungo Mama alinipeleka kwa Bi Mwanaidi siku ile ile, akanifundisha siku saba mlango umefungwa. Namshukuru. Lakini Neema alipelekwa kwa nani? Mabinti wa Ami wako Kizingo, wanapelekwa shule kwa gari, kila mmoja na simu yake. Hawana haja ya rafu ya tatu.

Mama alimwongezea mahamri, akammiminia na chai. Nimemkasirikia Mama pia.

Jumamosi, 17 Mei

Sahihi za kuomba vitabu virudi rafuni. Mimi na Neema, duka kwa duka, Ndia Kuu nzima. Karatasi nimeifunika kwa plastiki kwa ajili ya mvua.

Muuza vinyago alitia sahihi bila kusoma. "Bora msome, nyinyi. Mkikosa vitabu mtakuja hapa kunishikashika vitu na hamnunui." Mwenye duka la vitambaa akatufukuza. "Watoto wa kike, haya hamna?" Fundi cherehani aliyekaa mlangoni pake akamjibu kwa sauti, "Haya wanayo, ila wewe jina lako hujui kuliandika!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Majina sitini na matatu.

Njiani wazo likanijia. Ami anasema haya ni mambo ya somo. Basi somo aseme. Bi Mwanaidi akisimama mbele ya kamati akasema kitabu kinafaa, nani atafungua mdomo? Nusu ya wake zao ni yeye aliyewafunda.

Jumatatu, 19 Mei

Nilimwomba jana, na leo amekuja maktaba! Kwa miguu, mvuani, buibui limelowa mpaka magotini. Bi Mwanaidi anasoma Kurani na barua za herufi za Kiarabu. Hizi zetu hazisomi. Bwana Kazungu alifungua kabati. Kamati ilikataza kitabu kutoka nje, akasema, haikukataza kisomwe humu ndani. Akatuachia chumba cha nyuma, yeye akakaa nje ya mlango kama askari.

Nikasoma sura nzima. Bi Mwanaidi amefumba macho.

"Hapo wamepatia."

"Hapo wamekwenda mbio. Rudia."

"Hapo, la. Huyu hajawahi kushika mgonjwa."

Mwisho akasema, "Aliyeandika haya alifundwa na mtu." Sijawahi kumsikia akisifu hata mpishi wa harusi. Ameahidi kuja Alhamisi. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi.

Alhamisi, 22 Mei

Tumeshindwa.

Wanaume kama ishirini, wanawake sita. Bwana Kazungu alisoma majina yetu yote sitini na matatu. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, alisikiliza kwa adabu. Kisha Ami Swaleh akasema somo mwenyewe yupo, aulizwe.  Kumbe anatufungulia njia yeye mwenyewe!

Bi Mwanaidi akasimama. Mwenyekiti akamuuliza kama yaliyomo yanafaa kwa wasichana.

Akajifunika buibui vizuri.

"Ya chumbani hayasemwi mbele ya wanaume," akasema. Akaketi.

Basi.  Ami akapiga paja. "Mwamsikia? Hata yeye aona haya!"

Nikasema kwa sauti, "Ami, hukukisoma!" Mama akanivuta mkono nikakaa.

Uamuzi: kumi na kimoja vinaondolewa. Kile cha kijani, kwa kuwa ni cha afya na kwa heshima ya sahihi, kitabaki kabatini. Kitaazimwa na watu wazima peke yao. Yaani kila mtu isipokuwa anayekihitaji.

Vile kumi na kimoja vilitiwa kwenye gunia la mchele mbele ya macho yetu. Bwana Kazungu aliomba avifunge kamba kwanza, visikunjike. Wakamwambia vinakwenda kusagwa, vya nini kamba? Akavifunga hivyo hivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimempita Bi Mwanaidi njiani bila shikamoo. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

"Leo hata salamu hakuna?"

Nikaendelea kutembea. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. "Kinafaa." Neno moja! Sikumwomba ataje kitu.

Nilimwambia Neema hayo yote nikitarajia aniunge mkono. Akasema, "Angesema kinafaa, wangemuuliza ni sehemu gani, na kwa nini. Angeanza kujibu. Na wewe ungekuwa umekaa pale, na siri zako anazo yeye."

Sikuwaza hilo. Siku zangu saba ziko chumbani mle.

Bado nina hasira. Ila sijui tena niielekeze wapi, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumatatu, 26 Mei

Bwana Kazungu alinisubiri mlangoni, anacheka peke yake.

Saa tatu asubuhi Bi Mwanaidi alifika na kitambulisho na picha mbili ndogo. Akaomba kadi ya maktaba. Ya kwanza katika umri wake. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu. Bwana Kazungu anasema kanuni hazikutaja herufi gani. Kisha Bi Mwanaidi akanyoosha kidole kabatini.

Ami alipata habari, akafika mbio na gari. Alimkuta anakitia kitabu kwenye kikapu.

"Bi, hiki ni cha watu wazima."

"Na mimi ni nani, Swaleh? Mamako nilimkanda mimi ulipozaliwa. Mwataka umri upi zaidi?"

Waliokuwa wakisoma magazeti walishusha magazeti. Ami akaondoka.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi moja kwa moja. Shikamoo, nikasema, na ya Ijumaa pia. Aliitikia zote mbili. Hakunisamehe kwa maneno. Alisema nije Jumamosi baada ya adhuhuri, na nije na wenzangu.

Jumamosi, 31 Mei

Chumba cha juu kwa Bi Mwanaidi. Mkeka mpya. Tulikuwa sita: mimi, Neema, Dama, na watatu wa chuo cha Kurani ambao mama zao waliwaleta wenyewe. Mama yangu alituletea sahani ya kaimati, akashuka ngazi bila kuambiwa.

Kitabu kinarudi kabatini wiki ijayo, kisha Bi Mwanaidi atakiazima tena. Bwana Kazungu ameandika rufaa kuhusu vile vitabu kumi na kimoja. Amesikia gunia bado liko stoo, halijachukuliwa. Jumatatu tunaanza karatasi nyingine ya sahihi.

Mlango ukafungwa. Mimi nilisoma, Bi Mwanaidi akasahihisha. Dama alikaa karibu na dirisha, miguu ameikunja, hamtazami mtu. Tulipofika katikati ya sura akainua mkono kama yuko darasani, akauliza swali.

Bi Mwanaidi alimjibu polepole. Kisha akaniambia nirudie aya ile, nisiende mbio.

Swali lenyewe sitaliandika hapa.