Kithembe Kwenye Santuri

Umbilo, Durban
9 Machi 2025

Mama mkubwa, shikamoo. Magoti yameamkaje huko Moshi? Mimi mzima, saluni inanipa ugali.

Eddy, Mkongo anayeuza santuri za zamani jirani na saluni yetu, ameipata ile yako ya 1967, “Nipe Peremende”. Picha ya kwenye jalada ni wewe kabisa, na gauni la vitone! Ila ilipoanza kulia, makofi, kinanda, la-la-la, niliacha kusuka. Sauti ni ya kitoto, tena ina kithembe: “thukari”, “thiku”. Kithembe hiki hiki changu mlichokuwa mkinitania nacho. Wewe huna. Eddy akanitazama: “Dada Sia, huyu wa kwa foto iko mama muzima, sauti iko ya mutoto. Eish, iko kitu hapa.”

Kuna nini, mama mkubwa?

Mwanao,
Sia

Moshi
30 Machi 2025

Mwanangu Sia, marahaba. Magoti yanauma, namshukuru Mungu kwa viungo vilivyobaki. Hayo ya kwenye simu siyaamini, ndiyo maana naandika kwa mkono.

Huyo Eddy anatafuta nini? Watu wa biashara nawajua, wanaanza na santuri wanamalizia na saini. Usimpe namba yangu. Kithembe nilijitia, mwanangu. Ndiyo ilikuwa fasheni: msichana aimbe kama mtoto aliyenyimwa pipi, vijana wazimie. Nimezunguka nacho Nairobi mpaka Tanga. Mama yako Coletha, Mungu amrehemu, hata kanisani alikuwa hafungui mdomo, kwa hiyo usimwingize. Ukimchunguza sana bata, hutamla.

Mama yako mkubwa,
Ernestina

Umbilo
14 Aprili 2025

Shikamoo, mama mkubwa. Pole na magoti.

Mimi sikumtaja mama. Isome tena barua yangu. Wewe ndiye uliyemtaja.

Na nimekumbuka: nyumbani kwako kulikuwa na santuri za kila mtu isipokuwa zako. Kama ulijitia kithembe, jitie tena. Niimbie ubeti mmoja, jirani akurekodi kwa simu yake. Nikikusikia nitaomba radhi. Mama alikufa nina miaka mitatu, sauti yake siikumbuki. Kama ni yeye, nina haki ya kujua.

Mwanao bado,
Sia

Umbilo
2 Juni 2025

Mama mkubwa, shikamoo. Wiki saba sasa. Jirani anasema u mzima, Jumapili ulikuwa kanisani. Basi ni mimi unayenikimbia. Nina hasira, na ninaogopa.

Sia

Moshi
20 Juni 2025

Sia, marahaba. Sijambo kwa mwili.

Nilijaribu mara nne mbele ya simu ya jirani. Sauti inatoka kama ya mbuzi. Ni yeye.

Alikuwa na miaka kumi na tano, anasoma kwa masista. Jina lake lingeonekana kwenye santuri wangemfukuza. Basi aliimba yeye, nikapigwa picha mimi. Jukwaani santuri ililia nyuma ya pazia, mimi nachezesha midomo. Alipomaliza shule aliniomba jina lake. Nikamwambia mwakani. Nilikuwa nimeshazoea kushangiliwa, na kila mwaka nilisema mwakani.

Lililobaki ndilo baya zaidi. Alipokufa ulilia siku tatu, unataka akuimbie. Santuri ilikuwa sandukuni mwangu. Ningeiweka tu, ungenyamaza. Sikuiweka, kwa sababu nyumba ilijaa watu wa msiba, na wewe ungeitambua sauti, ungeita mbele yao wote, “Mama.”

Dada wa mama yako,
Ernestina