Picha ya Nyuma ya Pazia

Nyar Sindo, uko wapi? Shika simu. Yawa, nimeisha.

Unajua vile Scovia wangu anachora kapicha kamoja kila siku, ameapa atamaliza mwaka mzima. Mimi kama mama nikajivunia. Nikabandika zote ukutani pale sebuleni, bila kuangalia moja moja. Sijui macho nilikuwa nayo ya nini.

Leo akina mama wa kanisa wamekuja kwa maombi. Mama Levis anaangalia ukuta, anaangalia, halafu anasimama. "Hii si ile siku ya kuosha masufuria ya harusi? Si ulituambia umeenda Ogwedhi kwa shangazi mgonjwa?"

Ogwedhi! Na picha inanionyesha nyuma ya pazia nimeshika paja la kuku, wao wako mlangoni wanabisha waniite tukaoshe.

Nikamwita Scovia aje akanushe. Akasema, "Mama, mimi huchora tu kile nimeona."

Mama Levis akasema polepole, "Na vile tulimwombea huyo shangazi mpaka tukafunga." Walifunga, Nyar Sindo! Walifunga kula, na mimi nikawashukuru, nikasema amepona.

Sasa wewe usicheke. Nyuma ya pazia tuko wawili. Wewe ndiye unalamba sufuria, na kile kitenge chako cha njano hata kipofu atakijua.

Wametoka hapa sasa hivi, wanakuja kwako. Usijaribu kujificha. Scovia amewafuata na penseli, anasema ya leo bado hajachora.