Feni za Gari la Mkunga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Waya. Lipo jingine kwenye cheti, lakini ukiliita gereji hakuna atakayegeuka, hata mimi.
Umri: Miaka 20
Kazi: Fundi umeme wa magari
Elimu: Kidato cha pili, nacho sikukimaliza
Makazi: Chumba cha nyuma ya gereji ya mjomba wangu, mtaa wa pili kutoka kituo hiki
Muda wa kuandika: Jumanne, tarehe 9, saa 9:20 alasiri

Nayaandika mwenyewe kwa sababu afande amesema naongea mbio kuliko kalamu yake. Nimekuja kwa hiari. Mama mkunga wa zahanati amechukuliwa leseni, na nimesikia ataandikiwa kosa la kuendesha kwa uzembe. Mimi ninajua kilichotokea kuliko yeye.

Mnamo tarehe ya leo, saa 3:40 asubuhi, nilikuwa gereji nakunywa chai, mjomba akiwa chini ya lori. Mama mkunga akaingia na gari lake dogo la kijivu. Alisema likisimama kwenye foleni mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu, likitembea unashuka. Chai ilikuwa haijapoa na mimi nilishajua. Gari likitembea linapulizwa na upepo, likisimama linategemea feni za rejeta. Basi feni hazizunguki. Alisema fundi mwingine amemwambia anunue feni mbili mpya na rejeta juu yake. Nilicheka. Mafundi wa namna hiyo ukiwapelekea mtoto mwenye mafua watakuuzia pua mpya.

Nilichomoa plagi za feni nikazipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Zote mbili zikavuma. Nikapima fyuzi kwa taa ya kupimia, ikawaka pande zote mbili. Ikabaki rilei, kale kadude keusi ka mraba kanakoruhusu umeme uende kwenye feni injini ikipata joto. Kupima rilei kuna njia ndefu ya vitabuni, na kuna ya kwetu. Ya kwetu ni kuazima. Katika gari hili rilei ya feni na ya honi ni mapacha. Nilichomoa ya honi nikaichomeka kwenye tundu la feni, na ile mbovu nikaiweka kwenye tundu la honi isije ikapotea. Nikamwambia mama awashe gari na kiyoyozi. Feni zikazunguka kwa kishindo mpaka mjomba akatoa kichwa chini ya lori. Kazi yote dakika kumi na nne. Naziandika kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika.

Mjomba alisema, "Umeipata. Naenda kutafuta rilei mpya. Gari lisitoke." Akaondoka saa 4:05.

Saa 4:15 simu ya mama ikalia. Kuna mjamzito amefika zahanati na mtoto hataki kusubiri. Akaniuliza, "Mwanangu, naweza kwenda nalo?"

Nikajibu, "Nenda mama, limepona."

Akasema, "Kumbe wewe ni daktari kabisa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Lakini honi huna." Sikusahau. Maneno yalikuwa mdomoni. Ila mtu ameshakuita daktari mbele ya wateja wawili waliokaa kwenye benchi, unaanzaje kumwambia mgonjwa ametibiwa kifua akaachwa bubu? Nilifunga boneti nikaifuta alama za vidole.

Mjomba alizunguka maduka matatu ya vipuri akarudi saa 7:30 mchana.

"Gari liko wapi?"

"Limepona, limeondoka."

"Umemwambia hana honi?"

"Alikuwa na haraka, mjomba."

"Haraka yake sijaiuliza. Umemwambia?"

Nilinyamaza. Wanaonijua watakataa kuamini sentensi hiyo, lakini nilinyamaza. Mjomba akampigia simu mama, haikupokelewa. Akanipa rilei mpya na baiskeli, akaniambia nikimbie zahanati.

Saa 7:50 nilifika kwenye kona ya zahanati nikakuta watu wamejaa. Gari la kijivu, likitoka zahanati, limegusa mkokoteni wa muuza maji. Madumu manne yamepasuka, muuza maji amekaa ukingoni ameshika goti. Alikuwa anapaza sauti, "Hakupiga honi! Hata mbuzi anapigiwa honi! Alikuwa kwenye simu huyu!"

Mama akamwambia askari wa barabarani, "Nimebonyeza mara tatu. Halikulia." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Honi yako nayo iko likizo ya uzazi?" Kwa kawaida utani kama huo ungekuwa wangu.

Nilisimama pale kama dakika tano, rilei iko mfukoni. Askari akachukua leseni, wakaja wote hapa kituoni na gari. Mimi nikarudi gereji. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho huku ananawa mikono, halafu akasema, "Baiskeli ina usukani. Igeuze."

Nilifika hapa saa 8:45. Afande mwenyewe aliingia kwenye gari akabonyeza honi, kimya. Nilifungua boneti, nikatoa rilei mbovu kwenye tundu la honi, nikaweka mpya. Alipobonyeza tena, askari wa lango aliruka na kofia ikaanguka.

Mama alitoka kwenye benchi akanisogelea. Akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningetoa kichwa dirishani nikapiga kelele. Kazi yangu yenyewe ni kelele." Kisha akacheka, mimi ndiye niliyeshindwa kucheka. Mtoto alizaliwa salama saa 6:20, wa kiume.

Muuza maji goti lake limefungwa bandeji, na aliyelifunga ni mama huyohuyo walipokuwa wanamsubiri afande. Naye amekiri alikuwa anarudi kinyumenyume bila kugeuka, akitegemea gari litampigia honi. Madumu yake tumekubaliana. Jumamosi mbili mkokoteni nausukuma mimi, yeye anatembea kando anaelekeza. Tayari ameanza kuelekeza.

Naomba iandikwe wazi, na kama haiandikwi basi hii hapa nimeiandika. Mama alibonyeza honi. Aliyelinyamazisha gari ni mimi, na nilijua.

Niliyoyaeleza ni hayo, ni ya kweli, na hakuna aliyenilazimisha isipokuwa mjomba.

Sahihi: Waya

Maelezo ya afisa: Shahidi amesoma maelezo yake mbele yangu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nimemweleza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Amejibu kwamba anajua, ndiyo maana hakutumia penseli. Nimempa onyo la mdomo. Dereva amerudishiwa leseni saa 10:10 jioni mbele ya mlalamikaji. Mlalamikaji amefuta lalamiko lake na ameomba dereva ampe lifti hadi nyumbani, kwa kuwa mke wake ana mimba ya miezi minane na angependa wafahamiane.