Moyo wa Kisimba Haukuuma

Likasi, kambi ya wafanyakazi

Baba yangu,

Pokea salamu, wewe na Mama. Magoti yake yanaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi ninakula, ninakwenda kiwandani, nimechoka. Hayo yanatosha kunihusu.

Dereva aliyetoka Kongolo amenieleza kwamba mmemfukuza Shangazi Feza, dada yako wa tumbo moja. Analala kwenye kibanda cha kukaushia samaki, na watoto wanamrushia mawe akienda mtoni. Kitanda chake ulikitoa nje wewe, kwa mikono yako. Mnasema alimroga ndugu yangu Kisimba, kwa sababu alitaja kifo chake mapema, na kwa sababu mimi niliwaandikia kwamba Kisimba alikufa amesimama, bila kulia. Niliandika kweli, lakini niliacha nusu.

Kisimba alipokuja huko kwenu likizo, Shangazi aliona sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Akamwambia mbele yenu, "Nenda kwa daktari, mwanangu. Mume wangu alianza hivi hivi, mwishowe moyo ukamwangusha." Hayo ndiyo mnayoita uchawi. Huku Likasi daktari alimpima mkojo akakuta sukari, akampa vidonge. Alivimeza siku alizokumbuka. Chai yake ilibaki ya vijiko sita.

Sasa sikia yangu. Kwenye zahanati ya kambi hupewi siku ya kupumzika bila kuonyesha panapouma. Muuguzi anabonyeza, unapiga kelele, anaandika karatasi. Sisi wanaume tunafundishana hizo kelele, na mimi ni hodari. Wiki moja kabla ya kifo cha Kisimba, nilikuwa nimechoka kubeba magunia. Nikaenda, nikashika kifua, nikalia mpaka akina mama kwenye foleni wakaanza kuniombea. Nikapewa siku mbili. Nikazimaliza kwenye pombe, nikiwaigizia wenzangu kilio changu, na muuguzi akapata habari.

Jumatatu iliyofuata Kisimba aliamka amelowa jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Hatua kumi, anakaa. Nikampeleka mwenyewe.

"Sitwayeni, wapi inakuuma?" muuguzi akamwuliza, maana kwake kila mgonjwa ni sitwayeni, raia.

"Hakuna fasi inauma, mukubwa. Pumzi tu njo inanishinda."

Muuguzi akanitazama mimi. "Ndugu yako juzi alilia sawa mbuzi. Leo weye unakuja bila kulia. Mulisahau kufundishana ku nyumba?"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, Baba.

Nje nikamwambia, "Rudi ndani, sema inauma."

"Haiumi, Mukalayi. Niseme bongo, nidanganye sawa weye?"

Tukaenda kazini. Saa nne hivi alikuwa amesimama, ameegemea toroli. Nikamwita, hakugeuka. Nilipomshika bega akaanguka.

Daktari wa hospitali alinieleza baadaye. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu mishipa inayoupelekea moyo damu, mpaka inaziba. Inaharibu pia mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo moyo unaweza kufa na mwenyewe asisikie kitu. Lile jasho na ile pumzi ndivyo vilikuwa kilio chake. Akaniuliza, "Asubuhi ile hakwenda kwa mtu yeyote?" Nikamjibu hapana.

Kirudishe kitanda ndani wewe uliyekitoa. Barua hii isomwe mbele ya wote waliorusha mawe. Kama ni lazima mtu afukuzwe, nifukuzeni mimi. Niko mbali tayari, haitawasumbua.

Jambo lingine. Dereva anasema siku hizi unamaliza mtungi wa maji kabla ya jioni, na kaptula zako unazifunga kwa kamba. Aliyeweza kukuambia maana yake umemlaza na samaki. Kapimwe mkojo, na usingoje kuumwa.

Msalimie Mama. Msalimie mjane wa Kisimba, najua hatanijibu. Msalimie mdogo wangu anayekusomea haya, na asiruke mstari hata mmoja. Shangazi Feza simsalimu, sina uso huo. Mwambie tu kwamba alisema kweli.

Mwanao aliyelia bila kuumwa,
Mukalayi