Wiski ya Baba Mkwe

Jumatano, 14 Mei

Kwako Dada,

Shikamoo, na nyumba nzima naisalimu. Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi bila kuwatukana waliozijenga. Shemeji hajambo? Na mapacha wameacha kung'atana? Mimi ni mzima na kazi inaendelea, isipokuwa nina habari ambayo kwenye simu ingeniponyoka vibaya, ndiyo maana nimekaa kuiandika kwa mpangilio.

Uliniuliza posa yangu imefika wapi. Jumapili iliyopita niliitwa nyumbani kwa kina mchumba wangu ili baba yake anitazame. Mzee huyo alikuwa mkuu wa karakana ya treni mpaka alipostaafu, na ni mtu wa maneno machache. Mchumba wangu alinionya mapema kwamba baba asipompenda mtu hasemi kitu, anawasha redio tu. Walikuwapo pia mama yake na mume wa dada yake, wakala wa bima, ambaye Mungu akijalia atakuwa mwanyumba wangu.

Tulipomaliza kula, mzee alifungua kabati la kioo akatoa chupa. Alizawadiwa na wageni waliokuja kufunga mitambo karakanani. Ni wiski ya Uskoti, ya kimea cha shayiri tupu kutoka kiwanda kimoja, iliyolala ndani ya pipa miaka thelathini kabla ya kutiwa kwenye chupa. Mama, ambaye yeye hanywi, alinieleza kwa fahari kwamba mumewe ameacha pombe tangu harusi ya binti yao mkubwa, na kwamba chupa ile haifunguliwi ila anapoletwa mkwe, tena kwa kifuniko kimoja kimoja. Wakala wa bima akasema yeye siku yake alipoionja, alisahau alichokuja kuposa.

Sasa Dada, kazi yangu unaijua. Kutwa naonja chai kiwandani, na chai haionjwi kwa adabu. Unaivuta kwa kishindo ili ipige kaakaa lote, kisha unaitema kwenye ndoo. Mdomo umeshazoea, hausubiri ruhusa. Mzee alitumiminia, tukainua glasi, wakala wa bima akafumba macho. Mimi nikavuta kwa mlio kama filimbi, nikageuka kushoto iliko ndoo yangu siku zote, nikatema. Kushoto palikuwa na chungu cha maua cha mama mkwe.

Mama aliuliza kama hayo ndiyo malezi ya kwetu, na hapo nilikukumbuka wewe uliyenilea, nikaona haya mara mbili. Wakala wa bima alisema taratibu kwamba ameshashughulikia hasara za kila namna, ila mtu kutema miaka thelathini kwenye maua hajapata kuona. Mchumba wangu alikuwa akisoma dari. Nami nilikuwa nikiitazama redio.

Lakini balaa lenyewe halikuwa kutema. Balaa ni kwamba ulimi ulikuwa umeshaniambia nimetema nini. Ilikuwa chai. Chai ya vumbi, daraja la chini kabisa la kiwanda chetu, iliyosahauliwa kwenye birika mpaka ikawa chungu kama dawa. Nikisema, nimemvua nguo mzee wa watu mbele ya mkewe. Nikinyamaza, mimi ni mhuni na mke simpati. Nikamtazama mzee, naye akanitazama, nikaona ameifunika glasi yake kwa kiganja. Mwenye chupa alikuwa anajua.

Nikasema, kwa sauti ambayo sijui niliiazima wapi, kwamba sisi waonjaji kitu cha kawaida tunakimeza, bali cha thamani tunakitema, ili ulimi ubaki nacho peke yake bila kugawana na tumbo. Maneno hayo hayana kichwa wala miguu, lakini mzee aliyadaka kama anayezama anavyodaka kamba. Alisema hata wale wageni wa mitambo walifanya hivyo hivyo, na kwamba leo ndipo amepata mkwe aliyesomea kinywaji. Akavuta kwa kishindo, akatema kwenye chungu. Wakala wa bima, asiyekubali kupitwa, akasema wiski imezidi kukomaa tangu siku yake, naye akatema. Mama alinyanyua maua yake akayapeleka uani, akisema wanaume wote wa nyumba hii wameingiwa na wazimu. Kabla hajarudi, mzee alikuwa ameshatamka kwamba haoni sababu ya kuchelewesha. Ndoa ni mwezi wa nane.

Kisha akashikilia kunisindikiza kituoni mwenyewe. Tulitembea mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu, ndipo akaniuliza, bila kunitazama, ilikuwa na kasoro gani. Nikamwambia kwa heshima kwamba imekaa mno na majani, baba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba karakana ilikuwa na kelele za kumtosha mtu maisha yake yote, na alipostaafu nyumba ilikuwa kimya mno mchana. Mkewe akitoka, alionja kifuniko kimoja akarudishia kifuniko cha chai. Akaendelea hivyo, hata siku moja akagundua kwamba anaiba chai.

Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi. Ndani mlikuwa na masalio ya wiski yenyewe, tone la kulowesha ulimi. Akanipa.

Dada, nilimeza. Najua nilikuahidi nini kuhusu pombe. Kwenye shajara ya siku hiyo nimeandika: kwanza moshi, kama kuni zilizozimwa kwa maji, halafu asali, ganda kavu la chungwa, mbao za kabati la zamani, na mwisho chumvi kidogo. Basi lilipofika nilikuwa bado naisikia. Kujuta nimejaribu, sijaweza.

La pili ni zito zaidi. Siku ya harusi chupa itafunguliwa mbele ya wazee wa pande zote, na mama mkwe ndiye atakayemimina. Mzee ameniomba safari hii wiski ifanane na wiski, nami nimekubali. Nimeshachagua jani zuri na kulifukiza moshi kidogo. Rangi imekaa. Ikigundulika, mzee amekwisha, na mimi nimekwisha pamoja naye. Kwa kuwa wewe ndiye utakayekaa kiti cha mama yetu, glasi ya kwanza ni yako. Nusa, fumba macho, meza, useme umepata moshi na asali. Shemeji usimwambie chochote, maana akijua tu ni chai, ataomba sukari.

Nawatakia afya njema, na mapacha wabusu kwa zamu wasigombane.

Mimi mdogo wako,
Pua