Mashine Kumi na Moja Zinazosota

Jumatatu, 4 Machi
Simu ya tisa, na hata saa nne asubuhi haijafika. Mtandao, rezo tunavyouita hapa, unatambaa. Mama Ngalula wa bohari anashusha faili moja tangu aingie kazini. Bado. Shefu, mkuu wetu wa ofisi, ananitazama kana kwamba nimekalia waya. "Rezo ni kazi yako, tata. Tengeneza." Mgodi umesimamisha nusu ya malori. Kila mtu ana hasira. Mimi pia.

Jumanne, 5 Machi
Nimepima. Waya wa nje moja kwa moja kwenye kompyuta yangu: faili limeshuka kwa dakika moja. Kupitia parefeu, ile mashine inayolinda mtandao: dakika arobaini. Basi mchawi yumo ndani. Nimeizima, nimeiwasha. Bure.
Mlangoni nimekuta chaki: "Rudini Kasai." Nimefuta kwa mkono wa shati. Kasai ni mkoa wa wazazi wangu; mimi nimezaliwa Kolwezi hapa hapa. Mbwa hawa.

Jumatano, 6 Machi
Si mashine zote zinazosota. Ni kumi na moja. Ya shefu inaruka. Nikaandika majina: Ngalula, Mukendi, Kabeya. Sikuhitaji kumaliza. Wote ni watoto wa Wakasai. La mwisho ni langu.
Sikula.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeipata. Ndani ya parefeu kuna amri iliyowekwa kwa nenosiri la shefu: sisi kumi na moja tusishushe kitu haraka. Kesho saa kumi jioni akaunti zetu zinafungwa. Tunafukuzwa kazi, na wanaogopa tusije tukabeba nyaraka. Akanituma kutafuta kosa akijua ni lake. Alidhani sitaona. Nyoka.
Zamani, Wakasai walipofukuzwa hapa, Baba alipandishwa treni bila hata cheti cha kazi. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama. Tuliporudi, miaka yake yote mgodini hakuna aliyeiamini. Vyeti vyetu vimo kwenye seva.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tatu nimeifuta amri. Nimepita meza kwa meza: "Shusha bikaratasi byako bya kazi. Sasa hivi." Dakika ishirini zilitosha. Printa iliunguza vidole.
Shefu alikuja mbio. Akafoka: nani alinituma kugusa mashine ile? Nikamnyooshea kidole.
"Njo weye, shefu. Ulisema mi nitengeneze."
Walinzi wamenisindikiza hadi getini. Sikuinamisha kichwa.

Jumamosi, 9 Machi
Nyumba ni ya kampuni. Tunatoka. Mama hakulia. Tangu safari ile ya treni, sanduku lake la bati halijawahi kupakuliwa: shuka, sufuria, Biblia. Leo amelifungua, ameweka cheti changu juu ya shuka, amelifunga.
Kisha akauliza, kwa sauti ya kila siku:
"Treni iko siku gani?"